Feni ya dola 40 yarudi Springfield: siku nne Kentucky, Ohio na Indiana

Baba yangu alikuwa fundi feni Ngamiani, Tanga, mpaka macho yalipomchosha. Kibaraza chetu hakikukosa feni ya dari iliyolazwa chali, cherehani inayosubiri mkanda, na redio zilizofunguliwa matumbo. Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, hapa Louisville, Kentucky, nilipoiona feni ya chuma yenye mapanga ya shaba ya njano kati ya vitu ambavyo familia moja ilikuwa inauza uani kwake, sikusumbua kupatana bei. Nilitoa dola 40, nikaibeba. Ina karibu kilo kumi.

Kibati chake kimeandikwa Robbins & Myers, Springfield, Ohio. Kampuni hiyo ilianzishwa Springfield mwaka 1878, na kabla karne ya 19 haijaisha ikawa tayari inatengeneza feni za umeme. Kutoka kwangu hadi Springfield ni mwendo wa saa tatu. Feni yenyewe ilikuwa haifanyi kazi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuifungua peke yangu.

Wakusanyaji wa feni kuukuu Marekani wana chama chao, AFCA. Mbali na mkutano mkuu wa kila mwaka, wanachama hukutana kikanda, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao. Mtu aliyeniuzia waya wa kitambaa aliniambia kwamba kuna mkusanyiko wa namna hiyo kaskazini ya Springfield, na kwamba mgeni anakaribishwa mradi aje na feni yake, hata kama ni mbovu. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Siku ya 1, Ijumaa tarehe 20 Juni: Louisville hadi Springfield

Tuliondoka saa tatu asubuhi, mimi na jirani yangu. Yeye ni mzaliwa wa Uvira, Kongo. Kule alikuwa akifunga mitambo ya sola, hapa anafanya kazi ghalani. Ananiita mukubwa ingawa tumepishana mwaka mmoja tu. Mkewe alitufungashia sambusa za nyama hamsini, akasema mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Kama utasafirisha feni ya aina hii, usiinyanyue kwa kushika wavu, maana wavu wa zamani hupinda na kuunyoosha ni kazi. Shika kitako. Legeza parafujo ya shina, toa mapanga, uyafunge peke yake. Sisi tuliyaviringisha kwa vitenge viwili na kuyaweka kwenye kiti cha nyuma. Mwili wa feni tuliusimamisha chini nyuma ya kiti cha dereva, umebanwa kwa mito. Haukusogea mpaka tunafika.

Njia ya I-71 mpaka Cincinnati ni kama maili 100, vilima na miti, haina la kusimulia. Tulivuka mto Ohio kwa daraja la Brent Spence, ambalo lina matabaka mawili. Ukielekea kaskazini unapita tabaka la chini, giza kidogo, malori yakinguruma juu ya kichwa chako. Ukitoka pale, mji unakufungukia wote kwa mara moja.

Cincinnati tulikula chili ya kwao. Ni tambi zilizofunikwa kwa nyama ya kusaga yenye mchuzi, juu yake rundo la jibini iliyokunwa kama nywele. Kilichonishangaza ni mdalasini. Ndani ya ile nyama kuna mdalasini wazi kabisa, na nilipofumba macho nikaona sufuria la pilau. Jirani alikula sahani mbili. Dola 11 kwa sahani. Ukitaka vitunguu na maharage juu yake unaongeza kidogo. Nawashauri muongeze vitunguu.

Baada ya hapo I-75 ilitushika. Matengenezo ya barabara, njia tatu zimekuwa moja, tukakaa saa moja na dakika hamsini. Joto lilikuwa limepanda kweli kweli siku zile. Kama unapita kati ya Cincinnati na Dayton Ijumaa mchana, toka mapema au beba maji mengi.

Tulifika Springfield saa kumi na nusu jioni. Tulichukua chumba kwenye moteli moja kando ya I-70, dola 84 kwa usiku. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza hewa ya moto. Mapokezi walisema vyumba vyote vimejaa, wakaturudishia dola 20. Basi tukalala madirisha wazi, mbu wakiimba, na juu ya meza imesimama feni yetu.

“Mukubwa, tunakufa joto na feni iko hapa!”

Nilikataa kuiwasha. Waya unaotoka kwenye kitako kuingia kwenye kichwa cha feni ulikuwa umevuliwa nguo. Mpira wake ulimeguka kila ukiguswa, na ndani ya shingo ya chuma waya mtupu ukigusa chuma, feni nzima inabeba umeme. Baba alishamzika rafiki yake mmoja wa karibu kwa sababu ya uzembe wa namna hiyo. Hadithi hiyo nimekua nayo. Yeyote anayenunua feni ya zamani naomba alisikie hili: usiichomeke kwenye ukuta ili uone kama inafanya kazi. Kagua waya kwanza, wa nje na wa shingoni. Muuzaji akikuhakikishia kwamba jana ilizunguka, bado kagua.

Siku ya 2, Jumamosi: shambani

Asubuhi tulikuta gurudumu la nyuma limelala. Msumari. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi wa vyumba alituona tumechuchumaa, akamsemesha jirani yangu kwa Kifaransa baada ya kumsikia akilalamika kwa lugha hiyo. Kumbe yeye ni wa Haiti. Springfield ina Wahaiti wengi. Alimpigia simu kaka yake. Katika dakika ishirini kijana akaja na pampu na vifaa vya kuziba pancha, akamaliza kazi palepale uani. Tulimpa dola 20, akarudisha kumi. Tukampa sambusa sita, hizo hakurudisha hata moja.

Shamba liko kando ya barabara ya US-68 inayokwenda Urbana, mahindi kushoto, soya kulia. Mwenyeji ni fundi umeme mstaafu mwenye ghala la mbao lililokuwa la nyasi za ng'ombe. Mchango ni dola 10 za chakula, na kila mtu anakuja na sahani yake ya kuongezea. Tulipofungua mlango wa gari tulisikia kwanza kabla ya kuona: mvumo mmoja mzito, laini, kama nyuki wengi walio mbali. Ndani kulikuwa na feni labda themanini juu ya meza ndefu, na nyingi zinazunguka kwa pamoja. Nje ni nyuzi 34, ndani ya ghala karatasi zinapeperuka.

Nilitembea polepole. Nilionyeshwa Emerson za St. Louis, kampuni ya mwaka 1890 iliyojijengea jina kwa feni zisizokufa. Palikuwa na Westinghouse ambazo mota yake imefungwa kama pipa, na General Electric za mwanzo wa karne ya 20 zenye mota pana na bapa, ambazo wenyewe wanaziita pancake. Nilimweleza mwenye nazo kwamba kwetu zingekuwa feni za chapati, akaandika neno hilo kwenye kikaratasi na kukitundika mbele ya feni yake. Kilikaa pale siku nzima.

Iliyonisimamisha zaidi ni moja ya kutikisa kichwa isiyo na gia hata moja. Mbele ya wavu kuna kibapa cha duara kwenye kijiti, mfano wa pipi. Upepo wa feni yenyewe unakipiga kibapa na kukisukuma, na kichwa chote kinageuka taratibu kuelekea kulia. Kikifika mwisho, kibapa kinajibinua upande wa pili, na upepo uleule unakirudisha kichwa kushoto. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Hakuna kilichoongezwa, aliyeibuni alitumia upepo uliokuwa tayari unapita.

Jirani yangu yeye alipata mbili za moyo wake. Ya kwanza ni Lake Breeze ya Chicago, feni isiyotumia umeme. Chini yake kuna taa ya spiriti. Moto unapasha hewa ndani ya silinda, hewa inatanuka na kupoa kwa zamu, pistoni inakwenda, mapanga yanazunguka. Mwenye nayo aliiwasha kwa kiberiti, akaipa kidole kidogo cha kuanzia, ikaondoka. Ya pili ni feni ya volti 32. Kabla umeme haujafika mashambani, mwaka 1916 kampuni ya Delco ya Dayton, hapo jirani, ilianza kuwauzia wakulima jenereta ndogo na betri za volti 32, na feni kama hii zikatengenezwa ili ziendeshwe kwa mtambo wa namna ile. Jirani alishika kiuno.

“Hii njo sola ya babu zao,” akasema. “Betri iko, moto wa moja kwa moja uko. Ningeifunga Uvira leo.”

Aliinunua kwa dola 75. Somo kwa wanunuzi wengine: soma kibati kabla ya kutoa pesa. Feni ya volti 32, au ya umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 110, ukiichomeka kwenye ukuta wa nyumba unaweza kuiunguza. Na za kawaida za Marekani ni volti 110 hadi 120, saikeli 60. Ukitaka kuipeleka Dar au Mombasa kwenye volti 230 na saikeli 50, lazima transfoma ya kushusha umeme, na hata hivyo itazunguka pole zaidi na kupata joto zaidi. Ishike mota kila baada ya muda.

Baada ya chakula (sambusa ziliisha kabla ya kuku, na nimeombwa namna ya kuzipika na watu wanne) mwenyeji aliniita kwenye meza ya kazi. Yupo mzee wa miaka 81 ambaye kila mwaka hukaa pale na kuwasaidia wageni. Mikono yake inatetemeka mpaka anaposhika bisibisi; akishaishika inatulia.

Alifungua kifuniko cha nyuma cha mota akanisogezea. “Sema unachokiona.” Nikasema koili iko sawa, rangi yake haijaungua, hakuna harufu. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauvuta ule waya wa shingoni, mpira wake ukadondoka mezani kama makombo ya mkate uliokauka. Kwenye boksi la gia za kutikisa kichwa grisi ilikuwa imegeuka kahawia na ngumu kama sukari guru. Tuliikwangua kwa kijiti cha mbao ili tusikwaruze meno ya gia, tukaosha kwa mafuta ya kusafishia rangi, tukatia grisi mpya kidogo tu.

Waya aliniachia mimi. Nilikata wa zamani nikabakiza inchi moja upande wa koili, nikalehemu mpya, nikavalisha kila kiungo soksi yake ya kuzuia umeme, nikafunga fundo ndani ya kitako ili mtu akivuta waya asivute lehemu. Nilipotaka kukaza, mzee alinizuia. Aligeuza kichwa cha feni mpaka mwisho wa kulia, akaonyesha waya umekuwa umenyooka kama uzi wa upinde. Nikaongeza inchi mbili za ulegevu. Ningeacha vile, ungekatika ndani ya mwezi.

Beringi zina kipande cha sufi kinachonyonya oili na kuilisha shina. Tuliloweka kipya kwa oili nyepesi ya mota za umeme. Watu wengi hupuliza dawa ya kopo ya kulegeza kutu na kudhani wametia oili. Dawa ile hukauka, ikaacha beringi ikisagana. Hapa wote, kutoka kijana wa miaka 14 mpaka mzee huyu, wana msimamo mmoja.

Kuwasha: hawachomeki ukutani moja kwa moja. Wana balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na feni. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti, unachomoa na feni yako haijaungua. Yetu iliwaka nyekundu hafifu. Feni ikanguruma, mapanga yakasogea kama mtu anayeamshwa, yakachukua mwendo. Mzee akaihamishia ukutani. Spidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kichwa kikaanza kugeuka. Sikuweza kusema kitu kwa muda, na hakuna aliyenidai niseme.

Halafu akaizima, na meza nzima ikanyamaza. Ndivyo wanavyoipima feni: wanahesabu sekunde tangu izimwe mpaka mapanga yasimame. Beringi nzuri haina haraka ya kusimama. Yangu ilihesabiwa 24. “Inakauka nyuma,” alisema. “Ipe siku chache inywe oili.”

Alikataa pesa. Alichotaka ni kwamba tuandike kwa penseli ndani ya kifuniko cha kitako, kama wanavyofanya wao, ili atakayeifungua miaka hamsini ijayo ajue. Yeye aliandika tarehe na neno Urbana. Mimi niliandika: Fundi, Ngamiani, Tanga.

Usiku ule moteli kiyoyozi kilikuwa bado kibovu, na hatukukihitaji.

Siku ya 3, Jumapili: biashara, kisha Indianapolis

Asubuhi ni ya kuuziana, nyuma ya malori madogo, chini ya miti. Bei nilizoziona: feni ndogo za miaka ya 1950 dola 25 hadi 60, za chuma na shaba zinazofanya kazi dola 150 hadi 400, chache za kabla ya 1905, dola 1,000 kwenda juu. Njoo na pesa taslimu. Mapanga ya akiba, vibati na vitufe vya swichi huwa kwenye maboksi chini ya meza, na hapo ndipo penye faida kwa fundi.

Kulikuwa na mabishano, tena ya watu wanaopenda. Mama mmoja hung'arisha shaba mpaka unajiona meno. Mwingine anasema rangi ya asili iliyochakaa ni ushahidi, ukiikwangua umefuta kitu kisichorudi. Mimi nasimama na huyu wa pili: mota iwe nzima kabisa, rangi iachwe jinsi ilivyozeeka. Ila nakiri ile shaba ya yule mama, jua lilipoipiga, niliitazama kama kila mtu mwingine.

Tuliingia I-70 saa nane mchana. Kando ya njia, hapo hapo Springfield, kuna maduka makubwa ya vitu vya kale; tulitumia saa moja, hatukununua. Mpaka Indianapolis ni tambarare na mahindi. Chumba dola 92, kiyoyozi kizima.

Siku ya 4, Jumatatu: Zionsville, kisha nyumbani

Niliomba ruhusa kazini siku hii moja kwa ajili ya Zionsville, kaskazini kidogo ya Indianapolis. Makumbusho ya feni za kale iko ndani ya jengo la kampuni ya Fanimation. Kabla ya hapo ilikuwa Andover, Kansas, kwa watu wa Vornado, kampuni nyingine ya feni. Kwa kuwa iko ndani ya ofisi, piga simu kwanza na upange siku ya kazi. Sisi tulipiga, tukapokelewa vizuri.

Zipo za tangu miaka ya 1880. Zipo za kutumbukiza sarafu, zipo za kukaza kwa ufunguo kama saa. Ipo Emerson Silver Swan ya miaka ya 1930, mapanga yake yamejikunja kama pangaboi la boti. Mbele ya habari za Philip Diehl nilisimama zaidi. Diehl alikuwa akifanya kazi Singer, akachukua mota ya cherehani, akaifungia mapanga na kuitundika darini, na feni ya dari ya umeme ikazaliwa. Kwenye kibaraza chetu feni ya dari na cherehani zililala bega kwa bega miaka yote, na sikuwahi kujua kwamba ni ndugu wa damu.

Wana pia panka za kuning'inia zilizotengenezwa kwa mfano wa zile za India, ambako mtu alikaa pembeni akivuta kamba mchana kutwa ili wengine wapate upepo. Panka ni neno letu pia. Tulilipata kutoka kwenye pankha ya Kihindi. Nilipoitazama ile kamba na kumfikiria boi aliyekuwa akiivuta, neno pangaboi halikunitoka kichwani mpaka tunafika garini.

I-65 mpaka Louisville ilikuwa nyeupe, saa mbili na dakika kumi. Kwa jumla petroli ya siku nne ilitugharimu dola 52, tukagawana, na vyumba dola 240 baada ya kurudishiwa zile 20.

Jumanne asubuhi

Saa moja asubuhi ya Louisville ni saa nane mchana Tanga. Nilimpigia baba kabla ya kwenda kazini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mmerudi salama?”

Nikamwambia tumerudi, nikaiweka simu kando ya feni na kuiwasha spidi ya tatu. Hakusema kitu. Nilimsikia akimwambia mtu upande wa pili apunguze redio.

“Mapanga manne?”

“Manne, baba. Shaba.”

“Sasa izime. Nisikie inavyosimama.”

Nikazima. Kichwa kiligeuka mara mbili zaidi, gia zikigonga taratibu, kisha kimya.

“Imesimama,” nikasema.

“Thelathini na moja. Tia tone jingine nyuma, kesho unipigie tena.”